Kombe la India, Kaburi la Houston

Katika wiki ya mwisho ya Julai, mwaka ule ule niliofiwa na mume wangu, nilianza kufuatilia kombe la mpira la nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Ni kombe kongwe la India, lililoanzishwa na wanajeshi wa Kiingereza zaidi ya karne moja iliyopita, na hadi leo timu za jeshi hupangwa makundi pamoja na klabu za kulipwa. Bingwa hapewi kikombe kimoja bali vitatu. Hayo niliyasoma kabla ya mechi ya kwanza, kwa sababu nimesoma ukubwani, na tabia ya mwanafunzi aliyechelewa haijanitoka: siingii darasani kabla ya kufungua kitabu. Si kwamba nilipenda mpira. Mwanangu wa pekee alikuwa beki wa kati katika mojawapo ya klabu zile, na kombe lile lilikuwa dirisha la mwisho ambalo kwalo ningeweza kumwona. Tangu tarehe kumi na tano Februari hakuwa amesema nami neno.

Sisi ni watu wa mlimani, wa Moshi. Kwetu mtu huzikwa kihambani, katika shamba la migomba alilorithi kwa baba yake, karibu na hao waliomtangulia. Anaweza kufia Dar es Salaam, anaweza kufia Ulaya, atarudishwa. Watu huchangishana nauli ya maiti hata kama hawakuwahi kuchangishana nauli ya mgonjwa. Sisemi hivyo kwa dharau. Nimepika katika misiba hiyo, nimebeba maji, nimelala chini juu ya majani ya migomba pamoja na wanawake wenzangu. Naeleza tu kwamba kwa ukoo wa mume wangu halikuwapo swali la wapi angezikwa. Lilikuwapo swali la lini.

Mume wangu alitangulia Texas miaka mingi kabla yangu. Aliniacha kihambani na mtoto, akawa sauti ya simu na picha ukutani. Nilipomfuata Fort Worth mtoto alikuwa ameshachukuliwa na mpira, kwanza Arusha, kisha Dar es Salaam, kisha India. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Nikajiandikisha masomo ya jioni nikiwa na mvi, nikakaa dawati moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa, nao kwa upumbavu wao wakinifundisha maisha, nikapata cheti cha sekondari, kisha cha utunzaji wa wagonjwa. Mume wangu alikitundika cha kwanza sebuleni. Alisema ndicho kitu cha kwanza ndani ya nyumba ile ambacho hakukinunua yeye.

Alipougua walimhamishia Houston, kwenye hospitali kubwa zaidi. Jumapili ya tarehe mbili Februari nilikuwa nimekaa kitandani pake, na dada yake, wifi yangu aishiye Gulfton, mtaa wa huko huko Houston, alikuwa dirishani akimimina uji kutoka kwenye chupa ya chai. Mume wangu akanishika kifundo cha mkono.

"Usinirudishe," akasema. "Nilikuacha peke yako miaka mingi. Nizike hapa hapa, uwe na pa kuja."

Wifi alisikia. Najua alisikia kwa sababu uji uliendelea kumiminika hadi ukafurika kwenye kikombe, na yeye hakuondoa chupa. Jumanne, tarehe nne, mume wangu alifariki.

Nilipowapigia shemeji zangu Moshi na kuwaambia kwamba kaka yao angezikwa Texas kwa agizo lake mwenyewe, mkubwa wao akasema kwa upole wa mtu anayemsemesha mgonjwa, "Shemeji, msiba umekupiga. Pumzika." Baadaye alimpigia dada yake, wifi yangu, akamuuliza mwili unafika lini. Wifi akajibu kwamba unakuja. Hakutaja uji wala dirisha. Binti wa ukoo ule hawezi kuwa yeye wa kupeleka nyumbani neno la kwamba kaka yao mkubwa amekikataa kihamba. Ni sawa na kusema amewakataa walio chini ya ardhi yake.

Basi wakachimba kaburi. Mwanangu alisafiri kutoka India moja kwa moja hadi Moshi, kwa kuwa ndiko alikoambiwa baba yake anakuja, na pia kwa kuwa viza ya Marekani alikuwa ameshanyimwa mara mbili. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hupiga jembe la kwanza. Nimeambiwa kwamba hakumpa mtu mwingine lile jembe hadi shimo lilipomfika kifuani. Jumamosi ya tarehe kumi na tano nilimzika mume wangu Houston, kama alivyoagiza, mbele ya watu wa kanisa na wifi yangu aliyelia hadi akashikwa na wawili. Habari zilipofika mlimani shimo lilikuwa wazi. Kaburi lililokwisha kuchimbwa halifukiwi tupu, maana wazee wanasema litaita mwingine. Wakakata shina la mgomba, wakalifunga kwa shuka jeupe, wakalishusha. Mwanangu akatupa udongo wa kwanza.

Usiku ule aliniandikia, "Mama, tumezika mgomba." Ndilo lililokuwa neno lake la mwisho. Nilipopiga hakupokea. Nilipoandika hakujibu. Na mimi, kabla sijapata nafasi ya kumweleza kitu, nilisikia kwamba ukoo umekwisha kuniita mwizi wa maiti. Nikaacha kuandika. Niliona si heshima kwa mama kusimama mbele ya mwanawe kama mshtakiwa, akitaja shahidi aliyekana.

Ndivyo nilivyofikia kutazama mpira wa India.

Wakati huo nilikuwa namtunza mzee mmoja wa Kigoa nyumbani kwake Dallas, si mbali na mtaa wa Vickery Meadow. Alizaliwa Dar es Salaam, akaondoka kijana, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha siku aliyoondoka, safi, kilichokaa kabatini. Wagoa ni watu wa mpira, na mzee yule alikuwa na timu yake ya Goa katika kombe lile. Mechi za jioni za India huchezwa asubuhi ya Texas. Nilikuwa nikimvalisha, nikimpa dawa na chai, kisha tunakaa mbele ya televisheni, yeye na timu yake, mimi na mwanangu.

"Namba tano ndiye mwanao?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndiye, Mzee."

"Mbona amenuna hivyo? Utadhani wamempa uji usio na sukari."

"Yuko kazini. Watu hawachekicheki kazini."

"Na wewe uko kazini, Mama, na mpaka sasa sijauona mkate."

Nilimletea mkate huku macho yangu yakiwa kwenye kioo. Mwanangu alikuwa amekonda mashavuni. Alikuwa akikimbia kama baba yake alivyokuwa akitembea, bega la kushoto likitangulia, kana kwamba anapita mlango mwembamba. Watangazaji walilitamka jina la ukoo wetu kwa namna tatu tofauti, na zote nilizipokea.

Bahati mbaya ya mzee ilikuwa kwamba timu yake na ya mwanangu zilipangwa kundi moja. Mechi yao ilikuwa ya tatu. Timu ya mwanangu ilishinda, ile ya Goa ikatolewa, na mzee akakataa kula biskuti.

"Kesho naomba mtunzaji mwingine," akasema. "Nitaomba Mkenya."

"Omba, Mzee. Mkenya atakukimbiza barabarani kabla ya chai."

"Bora nikimbizwe na Mkenya kuliko kufungwa na Mchaga. Mchaga akishinda mpira, anakuuzia na lile goli."

Alikula biskuti. Kuanzia hapo, kwa kuwa timu yake haikuwapo tena, alihamia kwangu, kwa sharti kwamba ataruhusiwa kumtukana mwamuzi kwa lugha zote anazozijua. Robo fainali tulishinda kwa taabu. Nilikuwa nasema "tulishinda". Mwenyewe nilishangaa.

Nusu fainali ilikuwa katikati ya Agosti. Kipindi cha pili ikapigwa kona, na mwanangu, aliyekuwa hajafunga bao msimu mzima, akaruka juu ya watu wote akaupiga mpira kichwa ukaingia. Wenzake walimkimbilia. Yeye aliwakwepa, akaenda pembeni ya uwanja, akapiga magoti, akachota mchanga kwenye sehemu iliyokwanguka nyasi na kuuachia udondoke polepole.

Nilisimama. Niliamini nimeelewa. Ule ulikuwa udongo ambao hakuutupa Houston. Alikuwa akimzika baba yake pale pale, mbele yangu, akijua popote nilipo ninatazama. Machozi yalinitoka, na mimi si mwepesi wa machozi mbele ya mtu ninayemtunza.

"Anamsalimia nani kule chini?" mzee akauliza.

Nikamweleza yote, tangu uji hadi mgomba. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote kwa ukamilifu. Alisikiliza mechi ikiendelea, na timu ya mwanangu ikaingia fainali bila sisi kuona.

"Mama," akasema, "wazazi wangu wamelala Dar es Salaam. Kaka zangu Goa. Mke wangu yuko hapa Dallas, karibu na barabara kuu, hata hapendi makelele. Makaburi yangu yametapakaa kama mbegu za papai. Hayo yamekwisha. Lakini huyo wifi yako ni bubu?"

"Si bubu."

"Alisikia?"

"Alisikia."

"Basi aseme."

"Mimi siombi ushahidi, Mzee. Mwanangu ananijua."

"Anakujua, ndiyo. Sasa mpira wote huu unatazama wa nini? Beki haoni mtu aliyekaa Texas."

Nilikunja blanketi lake ambalo halikuhitaji kukunjwa. Jioni ile, hata hivyo, nilimpigia wifi yangu nikamwambia kwamba fainali nitaitazama kwake.

Niliondoka Fort Worth Jumamosi asubuhi, nikapitia kwanza makaburini, kama nilivyokuwa nikifanya kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ingawa siku ile haikuwa ya kwanza. Ni makaburi ya Kimarekani: nyasi zimekatwa kama kapeti, mawe yamelala chini ili mashine ipite. Hakuna mgomba wala kuku anayekatiza. Nilikaa kwenye kiti changu cha kukunjwa, nikamwambia mume wangu kwamba mtoto ameingia fainali, na kwamba siku ya kesho mambo yatanyooka. Nilimwambia kwa uhakika. Mtu akiwa amekosa habari njema kwa muda mrefu hujifunza kuzitanguliza.

Wifi alinipokea mlangoni, kwenye ghorofa zile za Gulfton ambako kila ngazi ina harufu ya chakula cha nchi yake.

"Karibu, wifi. Umekuja kwa heri au kwa mpira?"

"Kwa vyote viwili."

"Mpira nimekuandalia. Heri sina uhakika nayo."

Alikuwa amepika mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama. Tulikula tukisema habari za bei ya ndizi na mafuriko ya barabarani. Aliponiongezea kwa mara ya pili, niliweka kijiko chini.

"Wifi, siku ile ulisikia."

Hakuuliza siku ipi. "Nilisikia."

"Mwambie mtoto."

"Nikimwambia yeye, kaka zangu watajua kabla hajalala. Watasema nilikaa na laana mdomoni nusu mwaka. Mimi nitarudi kwetu kwa mlango upi?"

"Mimi huo mlango nimekwisha kufungiwa, na sijafa."

"Wewe uliolewa pale, wifi. Mimi nilizaliwa pale. Ukifungiwa wewe, una kwenu. Mimi kwetu ndiko huko."

"Na mwanangu je? Kwao ni wapi, kama hana mama?"

Alichukua bakuli langu, ambalo lilikuwa bado na chakula, akaenda kuliosha. Nililala chumba cha watoto wake nikiwa nimekwisha kuamini kwamba safari ilikuwa bure. Asubuhi, nikiwa bado kitandani, nilisikia sauti yake jikoni. Alikuwa akijirekodi kwenye simu, polepole, kwa sauti ile ambayo watu hutumia kanisani wanaposoma somo.

"Mwanangu, ni shangazi yako. Sikiliza mpaka mwisho. Baba yako aliagiza mwenyewe. Alisema azikwe hapa, mama yako awe na pa kwenda. Mimi nilikuwepo, nilikuwa namimina uji. Baba zako wadogo nitawaambia mwenyewe. Mama yako hakuiba mtu."

Niliposikia neno la mwisho nilivuta shuka usoni. Ninasema hili ili ueleweke ukubwa wa furaha ile. Kwa nusu mwaka nilikuwa nimejiambia kwamba sihitaji ushahidi. Uongo mtupu. Nilikuwa nikiuhitaji kama maji.

Fainali tuliitazama bega kwa bega. Vile vikombe vitatu vilikuwa vimepangwa mezani pembeni ya uwanja, na wifi akaniuliza kama cha tatu ni cha mama wa mchezaji. Mwanangu alicheza vizuri kuliko siku zote nilizomwona. Nilijua bado hajasikia ujumbe, maana kabla ya mechi simu zao hukusanywa, lakini nilimtazama kama mtu ambaye tayari amesikia. Wapinzani walitangulia, sisi tukasawazisha dakika za mwisho, zikapigwa penalti. Yeye alipiga ya pili, akafunga. Wenzake wawili wakakosa. Wakati wengine wakivishwa medali, mwanangu alikaa chini, miguu ameinyoosha, akiwatazama walioshinda wakinyanyua vikombe vyao kimoja baada ya kingine.

"Si neno," wifi akasema. "Kombe litarudi mwakani."

Mimi sikuwa nafikiria kombe. Nilikuwa naitazama simu yake iliyolala mezani.

Iliita karibu na adhuhuri. Alipiga kwa shangazi yake, si kwangu. Wifi akaweka sauti ya juu.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Pole na mpira."

"Tumekwisha kupoa. Nimesikiliza maneno yako."

"Ni kweli tupu, baba. Kwa masikio yangu haya."

"Najua ni kweli. Nilijua tangu Februari."

Wifi akanitazama. "Ulijuaje?"

"Nilisikia alivyowaambia baba wadogo, na Mama hajui kusema uongo, Shangazi. Angejua, nyumbani kwetu tungeishi kwa raha zaidi." Alicheka kidogo, kicheko cha baba yake, kinachoishia puani. "Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba." Sauti yangu ilikuwa imara. Nilihakikisha hivyo.

"Wazee wanasema ulimwiba. Mimi sijawahi kulisema hilo, na yeyote aliyelisema mbele yangu nilimnyamazisha. Nataka ulijue."

"Nimelijua. Ahsante."

"Lakini nilichimba lile kaburi, Mama. Lilikuwa na mawe. Nilikuwa nachimba huku nikimpangia maneno ya kumwambia akifika. Kumbe yeye alikuwa amekwisha kusema haji. Alikufikiria wewe, uwe na pa kwenda. Vizuri. Mimi je? Huko aliko siwezi kufika, wamekwisha kuninyima mara mbili. Na nyumbani nina mgomba. Umeshachipua, wanasema. Wanauliza kama waung'oe au wauache."

"Baba, hakukusudia kukuacha."

"Ndiyo. Hakukusudia. Hakunikumbuka kabisa. Hilo ndilo ninalolisema."

Nilitafuta jibu. Mimi ninayejua tarehe za kila kitu, niliyesoma ukubwani ili nisikose maneno mbele ya mtu, nilitafuta. Nilirudi kwenye kile chumba cha hospitali nikamtafuta mume wangu akimtaja mwanawe, Jumapili ile au Jumatatu yake, hata kwa nusu neno. Sikumpata. Alikuwa amenishika kifundo cha mkono akiniangalia mimi peke yangu.

"Sasa unataka nifanye nini?" nikamuuliza.

"Hakuna cha kufanya. Ndiyo maana nilinyamaza, Mama. Sikuwa nimekununia. Nilikosa cha kusema." Nyuma yake tulisikia wanaume wakiitana, mlango ukifungwa, maji ya bomba. "Basi naitwa kwenye basi. Mlale salama."

Kwetu ulikuwa mchana wa jua kali, na hakuna aliyemsahihisha.

Wifi alitimiza ahadi yake, akawaambia kaka zake. Mkubwa wao hakumjibu kwa siku nyingi, kisha akampelekea ujumbe wa kumuuliza habari za watoto, kama mtu anayemwandikia jirani. Mwanangu sasa hunipigia kila Jumapili, kwa adabu. Ananiuliza habari za magoti yangu na za joto la Texas, nami namuuliza habari za mazoezi na chakula. Baba yake hatumtaji. Watu wa kanisa wananiambia nimshukuru Mungu kwamba mtoto amerudi, na mimi naitikia amina.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba niliendesha gari hadi Houston kama kawaida, kiti changu kikiwa nyuma, na maua. Nilifika kwenye lango la makaburi nikasimamisha gari. Niliuona mti mdogo ulio karibu na jiwe lake, na nyasi zilizokatwa vizuri, na nafasi ya kiti changu. Nikaona jinsi mahali pale palivyo pazuri, na jinsi palivyotengwa kwa ajili ya mgeni mmoja tu, mimi. Gari lililokuwa nyuma yangu likapiga honi, nikasogea pembeni kulipisha. Ndani yake mlikuwa na familia nzima, bibi, watoto, na kijana aliyeshika ufagio wa kufagilia kaburi lao.

Nilipowapisha wote, niligeuza gari. Maua niliyaacha kwa wifi. Aliniuliza kaka yake hajambo, kama tunavyotaniana siku zote nikitoka kumtembelea, nami nikamwambia kwamba sikumkuta.